Tumbo la Kiwavi

Wasikilizaji wetu, leo twapenda kunena habari za tumbo la kiwavi. Huenda wengine wakacheka, wakauliza, Tumbo la mdudu latufaa nini? Lakini mwaka 2016 kiwavijeshi vamizi, ambaye asili yake ni Amerika, alionekana katika Afrika ya Magharibi; kisha akaenea upesi, akala mahindi ya wakulima wengi. Adui alaye chakula chetu yafaa tujue jinsi alavyo.

Kila kiumbe kilacho hakina budi kukivunjavunja chakula kabla hakijaingia mwilini. Kazi hiyo hufanywa na vimeng'enya. Hivyo ni mfano wa mafundi, na kila fundi ataka mahali pake: wengine hutenda kazi penye uchachu, wengine penye hali kama ya maji ya magadi. Mwaka 1909 mtaalamu wa Denmark, S. P. L. Sørensen, alitoa kipimo cha hali hizo, nacho huandikwa kuanzia 0 hata 14. Maji safi ni 7. Ndimu ni yapata 2, na tumbo la mwanadamu limeng'enyapo chakula hukaribia uchachu huo. Ama utumbo wa viwavi wengi wa nondo na vipepeo hufika 10 na kupita.

Kuna faida gani? Majani mengi yana tanini, kitu kilekile kilichomo katika magome ya mikoko yatumiwayo kwa kutengeneza ngozi. Tanini hushikamana na protini, ikaizuia isivunjwe. Penye uchachu kidogo hushika kwa nguvu. Penye hali ya magadi hulegea. Hivyo kiwavi hushiba kwa jani ambalo lingemshinda mwingine. Wala wadudu wote si sawa: fukusi wa kunde ana utumbo wenye uchachu kidogo, na vimeng'enya vyake ni vya namna nyingine.

Lakini ngao hiyo yaweza kuwa mtego. Mwaka 1901 Ishiwata Shigetane wa Japani aligundua bakteria iuayo viwavi wa hariri. Baadaye Ernst Berliner wa Ujerumani aliichunguza, akaipa jina Bacillus thuringiensis. Bakteria hiyo hufanya vijipande vya protini, vigumu kama chembe za chumvi. Kiwavi akivila, hali ya magadi ya utumbo wake huviyeyusha, na vimeng'enya vyake mwenyewe huvikata vikawa sumu. Sumu hiyo huutoboa utumbo. Kiwavi huacha kula, na baada ya siku chache hufa. Tumbo la mtu lina uchachu, na utumbo wake hauna mahali pa sumu hiyo kushika. Kwa hiyo haimtoboi.

Basi mwenye shamba na akumbuke mambo matatu. Dawa hii haiui mpaka iliwe. Basi inyunyizwe viwavi wangali wadogo, kabla hawajajificha ndani ya moyo wa mhindi. Inyunyizwe jioni, maana jua huiharibu. Tena ile iliyotengenezwa kwa viwavi haimwui fukusi ghalani. Asiyejua hayo hunyunyiza mchana, juu ya kiwavi aliyekwisha kukua, kisha husema dawa ni bure. Na huku mahindi yake yamekwisha kuliwa.