FILAMU ILIYOSHTAKIWA KORTINI

Hotuba ya wakili mbele ya waumini na wanaharakati, Thika



Niliombwa niseme juu ya sheria na uhuru wa kutoa mawazo. Nitaanza na shauri la mwaka 1917, mjini Los Angeles, Marekani. Mshtakiwa katika shauri hilo hakuwa mtu. Ilikuwa filamu.

Iliitwa The Spirit of '76. Ilitengenezwa enzi za sinema bubu, picha zilipokuwa zikienda bila sauti na maneno yakiandikwa kwenye pazia. Ndani yake mlikuwa na mapenzi na vita, na askari wa Marekani waliopigania uhuru wa nchi yao dhidi ya Mfalme wa Uingereza. Ilionyesha pia askari wa Kiingereza wakiua wanawake na watoto.

Mtu angetarajia mtengenezaji wake, Robert Goldstein, apewe nishani. Lakini Aprili 1917 Marekani ilikuwa imeingia vitani upande wa Uingereza. Adui wa zamani alikwisha kuwa rafiki. Filamu ilikamatwa, na mwaka 1918 Goldstein akahukumiwa kifungo cha miaka 10, ambacho Rais Wilson alikipunguza kikawa miaka 3. Hakuna nakala ya filamu hiyo inayojulikana kuwapo leo.

Tuuangalie uamuzi ule kwa makini. Jaji Bledsoe hakukana kwamba historia ni historia. Alichosema ni kwamba nchi ilikuwa katika hatari kubwa, na huo haukuwa wakati wa kuyakumbusha mambo hayo.

Ndugu zangu, maneno hayo, "wakati wake haujafika", tunayafahamu. Tuliambiwa hivyo juu ya vyama vingi, hadi kifungu cha 2A kilipofutwa mwaka 1991. Mau Mau nao walipigwa marufuku na mkoloni mwaka 1950. Bendera yetu ikapandishwa 1963, marufuku ikabaki pale pale hadi 2003. Kwa takriban miaka 40 ya Uhuru, chama cha waliokwenda msituni kilikuwa haramu katika nchi waliyoipigania.

Kimya hicho kilijazwa na wengine. Waingereza walitoa filamu yao, Simba, mwaka 1955, vita vikiendelea, wakavitazama kwa jicho la mlowezi. Hata mji wetu huu ulijulikana ng'ambo kwa mchezo wa televisheni wa 1981, The Flame Trees of Thika, uliotokana na kumbukumbu za utoto wa binti wa mlowezi. Wapiganaji wetu wakawa kama waigizaji wa sinema bubu: midomo inacheza, maneno yameandikwa na mwingine. Wanakijiji wa Kamirithu, Limuru, walipothubutu mwaka 1977 kusema kwa vinywa vyao jukwaani, kibali chao kilifutwa. Na mwaka 1982 ukumbi wao ukabomolewa.

Nabii Nathani alimsimulia Mfalme Daudi kisa cha mwana-kondoo wa maskini. Mfalme akakasirika, kisha akatambua kwamba kisa kilikuwa chake. Hakumtia Nathani gerezani. Aliungama.

Sheria ya uchochezi iliondolewa mwaka 1997, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 33, inalinda ubunifu wa kisanaa. Lakini haki isiyotumiwa huota kutu. Basi naomba jambo moja. Wazee waliopigania Uhuru wamebaki wachache, nao wamo humu makanisani mwetu. Wanaporidhia, wapigwe picha na sauti zao zinaswe, wasimulie vita, mapenzi na hasara zao kwa lugha zao, hata pale simulizi lao litakapotuaibisha. Nakala moja ikae kwa familia, nyingine kanisani, nyingine kwa wakili. Filamu ya Goldstein ilipotea. Ushahidi wa wazee wetu usipotee mikononi mwetu.