Njia Ipi Tuifuate Kwenda Namugongo?

Somo: Mwanzo 33:12–14

 

Leo nataka tuzungumze juu ya safari ya kwenda Namugongo kwa miguu. Kila mwaka, tarehe 3 Juni, watu wengi sana hukusanyika mahali hapo, karibu na Kampala, kuwakumbuka Wakristo waliochomwa moto tarehe 3 Juni 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga. Walikuwa Waanglikana na Wakatoliki, na wengi wao walikuwa vijana waliotumika katika jumba la mfalme. Wengine huenda huko kwa basi, lakini wako waendao kwa miguu, hata kutoka hapa Kenya.

Sisi hatutembei ili tununue msamaha kwa uchovu wa miguu. Msamaha umekwisha kupatikana msalabani, wala hauongezwi kwa kilomita. Twaenda ili kumshukuru Mungu kwa ajili ya mashahidi wake, na kujifunza kutembea pamoja kama Kanisa. Basi wale ambao hawajapata kwenda huniuliza, “Pasta, tupite njia gani?” Swali hilo ni jema, na ni gumu kuliko linavyoonekana.

Kutoka Nairobi hadi Kampala kwa barabara kuu ni zaidi ya kilomita 600. Kwa mtu asiyezoea, hiyo ni kazi ya majuma matatu au zaidi. Kwa hiyo wengi wanaoanza hupanda gari mpaka mpakani, kisha huanza kutembea. Ukivukia Busia, una karibu kilomita 200 mpaka Kampala, ukipitia Bugiri, Iganga, Jinja na Mukono. Ukivukia Malaba, utapita Tororo, na barabara hizo mbili zitakutana kabla hujafika Bugiri. Hayo yote ramani itakuambia. Lakini yako mambo mawili ambayo ramani haitakuambia, nami nilijifunza la kwanza kwa aibu.

Miaka kadhaa iliyopita kanisa letu, lililo upande wa Magharibi ya Kenya, lilitaka kufanya matembezi ya siku tatu, ili tujipime kabla ya kwenda Uganda. Nilikaa mezani na ramani na rula. Nikachagua barabara kuu kwa kuwa ndiyo fupi. Nikagawanya kilomita 90 kwa siku 3, nikapata 30 kila siku. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kabisa.

Siku ya pili jioni tulifika katika kanisa tulilopangiwa kulala. Akina mama wa pale walikuwa wamekwisha kupika. Nilipotaka kuombea chakula nikahesabu watu, nikaona mmoja hayupo. Alikuwa mzee wetu wa kanisa, mtu wa miaka 68. Kila mmoja alidhani yuko na wenzake wa nyuma, kama Yusufu na Mariamu walivyodhani juu ya mtoto Yesu walipotoka Yerusalemu. Nikachukua tochi, nikaazima baiskeli, nikarudi gizani. Nilimkuta ameketi juu ya kalvati, viatu mkononi, miguu imevimba, na malori yakipita karibu naye kwa kasi.

Nikamwambia, “Mzee, pole sana. Mbona hukutuita?”

Akanijibu taratibu, “Pasta, ninyi mlikuwa mnakwenda mahali. Mimi nilikuwa nakwenda na ninyi.”

Wapendwa, nimehubiri mara nyingi, lakini jioni ile ni mimi niliyehubiriwa. Tulipoanza kupanga safari ya Namugongo, nilimwendea mzee yule na kumwomba radhi, nikamsihi aje. Alinisamehe, lakini alikataa kwa upole. Na kabla siku ya safari haijafika, Bwana alimwita. Sikupata nafasi ya kutembea polepole pamoja naye.

Ndipo nikarudi katika Mwanzo, sura ya 33. Yakobo amepatana na ndugu yake Esau baada ya miaka mingi. Esau anataka waondoke pamoja mara moja. Yakobo anakataa kwa heshima. Anaeleza kwamba watoto wake ni wachanga, na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa siku moja tu, mifugo itakufa. Anamwomba Esau atangulie, naye atafuata polepole, kwa kadiri ya mwendo wa watoto na wa wanyama. Yakobo hakuuliza, “Mimi naweza kwenda mbali kiasi gani?” Aliuliza, “Aliye mdogo kuliko wote ataweza nini?” Hilo ndilo la kwanza. Unapochagua njia, anza na mtu aliye dhaifu kati yenu, kisha ndipo ufungue ramani.

La pili nililisikia katika baraza la parishi. Vijana walitaka barabara kuu moja kwa moja, siku sita, zaidi ya kilomita 30 kila siku. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka tuiache barabara kuu na kupitia Mayuge, ili tufike Kyando, mahali alipouawa Askofu James Hannington. Wakabishana mpaka taa ikawashwa. Ndipo mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama, mwenye miaka 61, akasimama na kuuliza, “Pasta, katika njia hizo zote, tutalala kwa nani?” Hapakuwa na aliyeweza kumjibu.

Swali hilo lilinikumbusha safari ya Askofu Hannington mwenyewe. Mwaka 1882 alikwenda kwa njia ya kusini mwa ziwa, akaugua sana hata ikabidi arudi Uingereza. Akawekwa kuwa askofu mwaka 1884. Mwaka 1885 akachagua njia nyingine, kutoka Rabai kupitia Taita, Ukambani na Ukikuyu mpaka Mumias. Njia ile ilikuwa fupi zaidi, tena hewa yake ilikuwa nzuri zaidi. Sababu zake zilikuwa za maana. Lakini Baganda walikuwa na neno la zamani kwamba watakaoiteka nchi yao watatokea mashariki, na mwaka ule ule habari za Wajerumani kuingia pwani zilikuwa zimefika kwa Mwanga. Hatari iliyomwua askofu haikuwa katika ramani. Ilikuwa katika mioyo ya watu waliokaa mwisho wa njia.

Huko Mumias aliwaacha wengi wa wapagazi wake pamoja na William Jones, Mwafrika aliyewahi kuwa mtumwa, ambaye askofu alikuwa amemwekea mikono kwa kazi ya Kanisa mwaka ule ule. Yeye akaendelea na watu 50 tu. Tarehe 29 Oktoba 1885 aliuawa huko Busoga, na wengi wa watu wake wakauawa pamoja naye. Jones alingoja Mumias, kisha akawarudisha waliobaki mpaka Rabai, wakibeba bendera iliyoandikwa Ikabodi. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa, askofu aliwaambia waliomwua kuwa ameinunua njia ya Buganda kwa uhai wake. Mifupa yake ilizikwa Namirembe tarehe 31 Desemba 1892.

Simlaumu askofu wetu. Mungu aliitumia damu yake na ya wale wapagazi, ambao wengi wao hatuyajui majina yao. Lakini sisi tunaochagua njia leo tujifunze kuuliza habari za watu wakaao njiani, kama mama yule alivyouliza.

Basi tulifanya hivi. Kwanza tuliwaandikia barua wachungaji wa upande wa pili wa mpaka, na tukapanga kila siku iishie mahali palipo na kanisa lililokubali kutupokea. Njia ikafuata makanisa, si makanisa kufuata njia. Tulipita Kyando, ingawa iliongeza mwendo, kwa kuwa tulikuwa na wenyeji huko. Tuliweka kama kilomita 20 kwa siku, na siku moja ya kupumzika na kuabudu. Tukatoka Busia tarehe 22 Mei. Tulianza kutembea alfajiri na kupumzika jua lilipokuwa kali. Palipokuwa na njia ya vijijini kando ya barabara kuu tuliifuata. Palipokosekana tulitembea mstari mmoja upande wa kulia, tukiyatazama magari yanayotujia. Hakuna aliyeruhusiwa kuvaa viatu vipya. Na amri kubwa ilikuwa hii: mwenye mwendo wa polepole atangulie mbele, na wenye nguvu wafuate nyuma yake.

Vijana walinung'unika siku mbili za kwanza. Siku ya tatu mvua ilitunyeshea vibaya, na kijana aliyenung'unika kuliko wote akapata malengelenge miguuni. Aliyemfunga kitambaa ni yule mama wa miaka 61, na tangu siku ile kijana alitembea nyuma yake tu bila neno. Tulitoka Busia watu 19, tukafika Namugongo tarehe 2 Juni jioni watu 19. Nilipowahesabu langoni nilimkumbuka mzee wangu, na machozi yakanitoka.

Ndugu msikilizaji, huenda wewe hutakwenda Namugongo. Lakini unachagua njia kila siku kwa ajili ya wengine. Baba, mwendo wa nyumba yako ni wa nani? Mzee wa kanisa, mnapopanga michango na majengo, mmemwuliza mjane kama anaweza kufuata? Pengine umekwisha kufika mbali, na mtu wako ameketi gizani juu ya kalvati, viatu mkononi. Rudi umtafute ungali na nafasi. Mchungaji Mwema hakuwaambia wale tisini na tisa kwamba hesabu inatosha.

Na tuombe. Ee Bwana Yesu, wewe uliyetembea na wanafunzi wawili kwenda Emau kwa mwendo wao, utufundishe kuwangoja wenzetu. Utusamehe wale tuliowaacha nyuma. Uwalinde wote walio barabarani leo, na wale wanaowafungulia milango. Utufikishe sote nyumbani kwa Baba, asipungue hata mmoja. Amina.

Mungu awabariki.