Kabla ya Kugeuza Diski



Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba, 2025, na wengi wetu tunahamia Windows 11. Diski ya mfumo huo hupangwa kwa NTFS. Taabu ni ile diski ya pili ya FAT32, yenye alama za mitihani ya miaka mingi. Haipokei faili la GB 4. Amri ya convert huigeuza kuwa NTFS bila kufuta kitu. Kurudi ndiko hakuna, ila kwa kufuta vyote. Umeme ukikatika katikati, mafaili yaweza kuharibika, na kutoka Kiongoroni fundi hufuatwa kwa mashua. Mimi nashauri: nakilini kwanza kwenye diski nyingine, fungueni nakala mzisome, ndipo mgeuze. Flashi ziacheni zilivyo. Redio nyingi huzisoma hivyo hivyo.