Mota ya chaki haizunguki

Nimepewa dakika kumi hapa Kahama niongee kuhusu vijana na ajira za migodini. Naomba nianze na pampu.

Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa kwenye duara la wachimbaji wadogo. Maji yamejaa, pampu mpya imefungwa, inanguruma vizuri tu, lakini maji yanayotoka juu hayajazi hata ndoo. Watu wanapanda kutoka chini wamelowa mpaka kifuani. Mimi na cheti changu cha umeme nikapima volti, zipo. Nikafungua, nikafunga. Saa nzima! Akaja mzee mmoja, fundi wa makarasha, akainama kuangalia feni ya mota. "Mwanangu, hii inazunguka kinyume." Akazima umeme, akabadilishana waya mbili kati ya zile tatu, akawasha. Maji yakapanda.

Sasa jamani, jambo hilo lilikuwa kwenye daftari langu. Niliulizwa kwenye mtihani nikapata. Nilikuwa nimelikariri tu. Chuoni kwetu, sitakitaja, mota ilichorwa kwa chaki: duara, mistari, mishale. Mota ya kweli ilikuwepo moja, imefungiwa stoo isije ikaharibika.

Umeme wa fezi tatu ni mwendo. Kila fezi inapanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, zimepishana nyuzi 120, na zikijumlishwa zinazaa usumaku unaozunguka. Huo ndio unaoburuza mota. Chaki itauonyeshaje? Juzi nimechora mishale hiyo mitatu kwenye GeoGebra, programu ya bure aliyoianzisha Markus Hohenwarter mwaka 2001. Unaburuza kwa kidole, unapunguza kasi mpaka jicho liweze kufuata, na mshale wa jumla unazunguka mbele yako. Badilisha fezi mbili, unarudi kinyume. Nilimpa mdogo wangu wa kidato cha tatu achezee. Hazikupita dakika tano akaniuliza, "Kaka, na fezi moja ikikatika?" Miaka yote ya chuo mimi sikuwahi kuuliza hivyo. (Ikikatika kabla mota haijaanza, itanguruma papo hapo bila kuzunguka, na usipoizima itaungua.)

Kuna na PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado kule Marekani, ipo tangu 2002. Unaunga betri, waya na balbu kwenye skrini, unaona mkondo ukitembea, na ukikosea huunguzi kitu cha mtu. Nyingi zimeshawekwa kwa Kiswahili. Unapakua mara moja, bando halihitajiki tena. Sisemi picha inafundisha kukaza nati au kunusa waya unaoungua. Spana lazima. Ila anayeishika spana ajue ndani kunatokea nini.

Tunaambiwa vijana wa huku hatuajiriki. Geita wanachimba kwa mitambo mikubwa tangu 2000, Bulyanhulu wako chini ya ardhi hapo jirani, na sisi tunachora mishale. Sheria ya Madini, ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye mgodi kila mwaka aandae mpango wa CSR ukubaliwe na halmashauri. Tunaona madarasa, tunaona madawati. Safi, sipingi. Ila ndani ya darasa hilo jipya mota bado ni ya chaki! Muulizeni diwani wenu: kwenye mpango wa mwaka huu chuo cha ufundi kimewekewa kompyuta ngapi? Projekta? Umeme wa kuziwasha? Akisema hajawahi kuuona huo mpango, mwambieni auombe kwenye baraza, na ninyi mkakae pale nyuma mkisikiliza. Vikao vya baraza ni vya wazi.

Nimekuja na flashi, faili zote zimo humu. Wenye kompyuta sogeeni mbele, wenye simu mtarushiana.