Moto, Mbuzi na Miche
Mazungumzo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Manyamanyama, Bunda



Nimeombwa nieleze kazi ninayoisomea chuo kikuu, na kwa nini watu hunikuta malishoni nimepiga magoti mbele ya fremu ya mbao. Somo lenyewe huitwa ikolojia ya mimea, yaani elimu ya jinsi mimea inavyoishi pamoja na udongo, mvua, moto na wanyama. Fremu ile ina mita moja kila upande. Huilaza chini, nikahesabu miche iliyomo, nikakata nyasi, nikazikausha na kuzipima. Mwaka wa pili hurudi pale pale. Ninyi mnaosimamia mizani ya pamba hamhitaji kuambiwa tofauti iliyopo baina ya kupima na kukadiria kwa macho.

Jirani zetu wa Serengeti wanatupa mfano mkubwa. Sotoka ilipodhibitiwa kwa kuchanja ng'ombe, nyumbu waliongezeka kutoka robo milioni hivi mwanzoni mwa miaka ya 1960 hadi kupita milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakala nyasi ambazo zamani zilibaki zikakauka na kuulisha moto. Moto ukapungua, na miti ikaanza kurudi. Nani angedhani kwamba sindano ya ng'ombe ingeotesha migunga?

Upande wa Kenya, katika Maasai Mara, mambo hayakwenda hivyo. Bi Holly Dublin aliichunguza miti iliyotoweka huko akiwa mwanafunzi wa shahada ya udaktari, akakamilisha tasnifu yake mwaka 1986. Mwaka 1990 yeye na wenzake wakachapisha maelezo yao. Moto wa miaka ya 1960 ndio uliopunguza miti. Kisha, hata moto ulipopungua, tembo waliendelea kula miche isiinuke. Kilichoangusha miti sicho kilichoizuia isirudi. Upande wa Serengeti ujangili ulikuwa umewapunguza sana tembo, ndipo miche ikapata nafasi.

Nawasihi mlitafakari jambo hilo. Tunahimizana kuzuia moto wakati wa kiangazi, kisha tunashangaa miti isipoota. Huenda tembo wetu ni mbuzi, ingawa tembo wenyewe nao hawaachi kututembelea mashambani. (Wenye mbuzi wasinikasirikie, nami huila nyama yake.) Nasema huenda, kwa sababu jambo lisilopimwa hapa halifai kutungiwa sheria ndogo ya kijiji. Mkimtoza mtu faini kwa kosa la mbuzi wake, naye hana hatia, mmeharibu ujirani bila kupata mti.

Wenzetu wa Shinyanga walikuwa na desturi ya ngitili, eneo la malisho linalofungwa wakati wa masika ili nyasi zibakie kwa kiangazi. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, uliifufua desturi hiyo, na miti mingi ikachipuka yenyewe kutoka mizizi ya zamani bila kupandwa. Hivyo kabla ya kununua miche tungeangalia kwanza kilichomo ardhini.

Kipimo hicho chaweza kufanywa na watoto wetu. Naifundisha sayansi, na nimeona mwanafunzi akikariri maana ya jaribio pasipo kuwahi kufanya hata moja. Nyuma ya shule tupime vipande viwili vya ardhi, hatua kumi kwa kumi, vyenye udongo wa aina moja. Kimoja kizungushiwe miiba imara, cha pili kiachwe wazi. Vyote viwili vikingwe moto. Kila mwezi wanafunzi wahesabu miche, wapime urefu wake na kuandika. Mizani ya pamba ni kubwa mno kwa nyasi. Ya dukani yatosha. Miaka miwili au mitatu itatuonyesha kama mbuzi anasingiziwa.

Gharama ni miiba, kamba, daftari na mtu mwaminifu. Katibu ambaye chama chake kitakubali anipe leo jina la shule na la mtunza daftari, ili tuzungushe miiba kabla ya mvua za vuli.