Simu Hii Hulala Wapi? Familia na Muda wa Kioo kwa Watoto Wadogo wa Abuku



Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asikalishwe kabisa mbele ya kioo cha simu au televisheni. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Sina ugomvi nao. Ila ukisomwa hapa kwetu Abuku, wilayani Koboko, Uganda, lawama humwangukia mtoto, naye hana simu, hana chaji, hana hata shilingi ya bando. Anachotazama ni simu ya mkubwa wake, na saa za kuitazama hupangwa na shughuli za nyumba.

Tazameni nyumba zetu jioni. Mama ametoka shambani, ugali wa muhogo haujasongwa, kuni mbichi zinafuka moshi, na mtoto wa miaka 2 anamvuta kitenge huku analia. Akipewa simu, kimya. Filamu zimeshajazwa kwenye memori kadi na vijana wa mjini Koboko, kwa hiyo mtandao hauhitajiki. Kumkemea mama huyo bila kuuliza kama kuna mtu wa kumpokea mtoto ni kumwonea. Baba yuko Juba au Arua kutafuta riziki, bibi amebaki na wajukuu wengine, na anayeachiwa mtoto ni dada yake wa miaka 10. Huyu dada ndiye anayefungua simu, ndiye anayechagua cha kutazama, na kwenye semina kama hizi hatumwiti.

Ndugu wakubwa, hasa waliokuwa tayari shuleni wakati wa korona, nao wana historia yao. Shule za Uganda zilifungwa kwa ajili ya korona Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2022. Muda wote ule tuliwaambia masomo yako redioni, kwenye televisheni, kwenye simu. Leo tukiwaambia simu ni adui, watushangae tu.

Kuna jambo lingine ambalo naona tumelisahau. Hadi 2024 eneo letu la West Nile lilikuwa nje ya gridi ya taifa, na vijijini wengi wetu bado tunategemea sola. Simu ikizimika saa mbili usiku, mtoto analala. Chaji ndiyo ilikuwa ikimwekea mtoto mpaka, na sisi wazazi hatukutoa jasho lolote. Umeme wa gridi ukifika kijijini, mpaka huo unaondoka, na sijaona nyumba iliyojiandaa kuweka mwingine. Mtoto wa miaka 3 au 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku. Simu ikichajiwa kando ya mkeka wake, atazipata wapi?

Kuhusu lugha: tangu 2007 serikali inataka madarasa ya mwanzo yafundishwe kwa lugha ya mahali, kwetu Kikakwa. Katuni zinasema Kiingereza, filamu zimetafsiriwa Kiganda. Mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa, na katuni haimjibu. Baba akipiga simu ya video kutoka Juba, hapo ni tofauti: anamwita mtoto jina, mtoto anacheka, baba naye anacheka. Hata madaktari wa watoto wa Marekani, katika mwongozo wao wa 2016, waliiacha simu ya video nje ya katazo kwa watoto wachanga. Tusiipige marufuku kwa pupa.

Pendekezo langu ni dogo. Mhudumu wa afya wa kijiji akifika nyumbani kumpima mtoto mkono kwa utepe, aulize pia: simu hii hulala wapi, na nani humshika mtoto wakati wa kupika? Dada mkubwa awepo wakati wa kujibu. Na kwa kuwa mara nyingi mwenye simu ni baba, naye aulizwe. Akiwa safarini, apigiwe.