Uzito na Mgando: Istilahi za Mafuta Yanayohitaji Joto, kwa Mfano wa Kasulu na Kibondo

Mhadhara huu unahusu jina moja la kawaida, "mafuta mazito", na hasara inayotokea linapobebeshwa maana mbili. Maana ya kwanza ni mafuta ghafi yenye mnato mkubwa, ambayo hayasogei kwa urahisi ndani ya mwamba mpaka yapashwe joto. Ya pili ni mafuta yenye nta nyingi, ambayo hutiririka yakiwa na joto na huganda yakipoa. Mafuta ya Ziwa Albert nchini Uganda, ambayo wingi wake wa kibiashara ulithibitishwa mwaka 2006, yanajulikana zaidi kwa sifa hii ya pili.

Watu wa Kasulu na Kibondo hawahitaji maabara ili kuitambua tofauti hiyo. Katika ukanda wa ziwa mkoani Kigoma chikichi huchemshwa, hutwangwa na kukamuliwa, kisha mawese huenguliwa. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Kasulu iko juu zaidi, na asubuhi zake ni za baridi. Mawese yaliyopandishwa huko kwa madumu huwa yameganda nusu. Mwenye nyumba haongezi moto mkali: huliweka dumu juani au kando ya jiko, mafuta yakalegea. Wala hasemi kwamba ni mazito, husema yameganda. Lugha ya jikoni, hapa, imeitangulia lugha ya wahandisi.

Kipimo hicho ndicho kinachofaa katika kutathmini njia za joto. Kuingiza mvuke ardhini, kunakofanyika Duri, Indonesia, tangu mwaka 1985, na kulikojaribiwa Tsimiroro, Madagaska, mwaka 2013, hukusudiwa mafuta yenye mnato. Njia hiyo hudai maji na nishati kwa wingi, na kisima kikizidi kina, joto hupotelea njiani. Kuwasha moto ndani ya mwamba wenyewe kwa kusukuma hewa huokoa mvuke, lakini moto huo ni mgumu kuuongoza.

Tatizo kubwa la mafuta ya Ziwa Albert liko safarini. Bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, ambalo kilomita 1,147 ziko Tanzania, lilisanifiwa lifukiwe, livikwe tabaka la kuhifadhi joto na lipashwe kwa umeme, mafuta yabaki kwenye nyuzi 50 za Selsiasi au zaidi.

Bomba halipiti Kigoma. Hata hivyo, istilahi ya Kigoma ingewafaa walio njiani mwake. Mkulima wa Singida anayeambiwa kwamba mafuta mazito "yatachemshwa" chini ya ardhi yake huingia katika mazungumzo ya fidia akiwa na picha ya uongo, kwani nyuzi 50 si mchemko. Akiambiwa kwamba mafuta huganda, na kwamba bomba huyazuia yasigande, atauliza swali gumu zaidi kwa mhandisi: umeme ukikatika, yataganda baada ya muda gani, na nani atakuja kuyayeyusha?